Maoni Yetu: Ondoeni wapambe kwanza

Shule zinapotoka mchana, vituo vya mabasi vya Gerezani na Mnazi Mmoja hujaa mashati meupe. Hapo ndipo kesi za darasani zinapohamia. Mmoja kamkanyaga mwenzake mlangoni, au kamwita boya mbele ya mabinti, au alikopa jero Jumatatu na mpaka leo anapiga chenga. Kisa chenyewe kidogo, na wenye kisa mara nyingi wangekiacha kipite. Wasiotaka kipite ni wale kumi waliowazunguka. "Umesikia alichokuita?" "Unamuogopa?" "Ningekuwa mimi, asingerudia." Muda si mrefu begi liko chini, kifungo cha shati kimekatika, na muuza karanga anahamisha beseni lake huku akilaani.

Mtu mzima anayepita hapo ama anatazama kidogo na kwenda zake, ama anawazaba makofi wote wawili na kwenda zake. Hakuna anayeuliza kilichotokea. Safu hii inasema kwamba hapo ndipo tunapowapoteza vijana wetu, na wala si kwenye ule ugomvi wenyewe.

Wapambe nuksi, tunasema, tukifikiria siasa na ndoa za watu. Kwa kijana wa miaka 14, nuksi hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Walichukua watu wa rika tatu: wenye miaka 13 hadi 16, wenye miaka 18 hadi 22, na watu wazima wa miaka 24 na kuendelea. Wengine walicheza peke yao, wengine mbele ya wenzao wa rika lao. Watu wazima walicheza vilevile, watazamwe wasitazamwe. Wale wadogo, walipotazamwa, walijitosa kwenye hatari kuliko walipokuwa peke yao, na tofauti ilikuwa kubwa.

Sababu yake iko kichwani, kwa maana halisi ya neno. Sehemu za ubongo zinazowasha hasira, hofu na raha ya kusifiwa huchangamka mapema, balehe inapoanza. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayosema "subiri kwanza", huendelea kukomaa mpaka mtu amevuka miaka 20. Ndiyo maana binti anayekueleza kwa ufasaha kabisa, akiwa anachambua mchele jikoni, kwamba kupigana ni ujinga, kesho yake unaitwa shuleni kwa sababu kamvua mwenzake ushungi. Hakukudanganya. Jikoni hakuwa na watazamaji.

Kuna na jambo la jina. Erik Erikson, aliyeandika juu ya hatua za makuzi ya binadamu mwaka 1950, alisema kazi kubwa ya umri huu ni kijana kujua yeye ni nani na watu wanamhesabu kama nani. Mtu mzima akiitwa boya, anayo kazi, nyumba na watoto wa kumkumbusha kwamba si boya. Kijana wa kidato cha pili hana kitu kama hicho. Ana jina lake tu, na ndilo hilo linalochafuliwa mbele ya watu. Anachopigania pale kituoni kwake ni kikubwa, hata kama kwetu kinaonekana upuuzi wa jero.

Tusieleweke vibaya. Hatumtetei anayempasua mwenzake mdomo. Wala hatutaki vijana wasiogombana, maana asiyegombana kabisa katika umri ule huenda amekwisha kukata tamaa ya kusikilizwa. Kugombana na kupatana ni ufundi, na kila ufundi una mwalimu. Sisi watu wazima wa katikati ya jiji tumeiacha kazi hiyo ya ualimu, na tumeiacha bila kujua.

Angalia nyumba zetu. Kariakoo na Ilala za zamani zilijengwa kwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Barazani alikuwapo mtu saa zote: mzee na bao lake, mama na kitambaa anachodarizi, mpangaji asiye na kazi siku hiyo. Watoto wakishikana mashati, sauti ilitoka barazani: "We mtoto wa fulani, hebu njoo hapa!" Wa kwanza kuondolewa walikuwa watazamaji. "Nendeni kwenu, hapa hakuna sinema." Waliobaki wawili wanakalishwa, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja anaeleza bila kukatizwa. Wakimaliza, mara nyingi hasira nazo zilikuwa zimekwisha, na kilichobaki ni nani anarudisha nini. Mzee yule hakusoma saikolojia, lakini alichofanya kinalingana na walichokuja kukipima akina Steinberg.

Leo baraza ile ni fremu. Mbele ya nyumba kunauzwa makava ya simu na nguo za mtumba, na juu yake limepanda ghorofa. Fremu ya Kariakoo ni pesa nyingi, na mcheza bao halipi kodi. Hatulii kwa ajili ya zamani. Mzee yule alikuwa na upendeleo wake, na kesi ya mtoto wa kike aghalabu iliishia kwa "wewe mwanamke, nyamaza". Hata hivyo, kijana alipata kuona kwa macho yake ugomvi unavyoanza, unavyosikilizwa na unavyokwisha. Wa leo anaona unavyoanza tu, na mwisho anaoujua ni kofi.

Bado tuna shule moja ya bure iliyobaki, nayo ni utani. Klabu ya Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama waligombana na wenzao wakajitoa, wakaunda timu iliyoitwa Queens, kisha Sunderland, na tangu 1971 inaitwa Simba. Ugomvi ule wa mjini haukuishia kwenye visu. Ulizaa timu ya pili na utani wa karibu miaka 90. Makao ya moja yako Mtaa wa Msimbazi, ya nyingine Jangwani, na kwa miguu si mbali. Mtoto anayekulia kati ya majengo hayo mawili anajifunza mapema namna ya kuamka asubuhi baada ya kufungwa, kupita mbele ya kijiwe, kusemwa mpaka basi, na kujibu bila kurusha ngumi. Kanuni inajulikana: anayekasirika ndiye aliyeshindwa. (Wakubwa nao wangeikumbuka. Mechi ya watani ya 8 Machi 2025 iliahirishwa kwa mvutano wa watu wazima, ikaja kuchezwa 25 Juni. Kususa hakuna umri.)

Ila utani una masharti, na walimu wengi wameyasahau. Watani lazima walingane nguvu, na kila mmoja awe na zamu yake ya kusema. Watoto kumi na tano wakimcheka mmoja kwa viatu vyake kila siku, na yeye hana wa kumcheka, huo umekuwa uonevu. Mwalimu anayesema "huo ni utani tu" amtazame usoni yule mmoja, aone kama anacheka.

Mabinti wana njia yao, na kwa kuwa haitoi damu, tunadhani hawana ugomvi. Wanachuniana. Wanamtoa mwenzao kwenye kikundi cha chakula cha mapumziko, wanahamisha madawati, wanapitisha siri yake darasa zima. Pwani hii haikuanza jana kusemana kwa mafumbo: maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru yameuzia wanawake majibu ya kuvaa kiunoni kwa vizazi kadhaa. Stetasi ya WhatsApp ndiyo kanga ya binti wa leo, isipokuwa kanga ilisomwa na jirani mmoja, naye akajua ni yake, basi. Stetasi inasomwa na darasa zima usiku kucha, kila mmoja akiuliza "nani huyo?", na asubuhi kesi iliyolala ina mawakili ishirini. Simu shuleni ni marufuku. Nyumbani zipo, na kwa simu wapambe wanaingia na mtoto mpaka kitandani. Zamani alau alipofunga mlango walibaki nje.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14. Hatusemi kila anayechuniwa ataugua. Tunasema mzazi anayeona binti yake hali, hasemi, hataki kwenda shule, asikimbilie kusema "ana mapepo". Aulize nani hawaongei naye.

Sasa tuje kwenye fimbo, maana ndiyo dawa ya kwanza ya jiji hili. Kanuni za elimu zilizotolewa 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kila mzazi anayesoma hapa anajua inavyokuwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili kilishiriki na matokeo yake kutangazwa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu," anasema msomaji. Tumekuwa watu, ndiyo. Tumekuwa pia watu wanaowazaba makofi watoto wasiowajua kituo cha basi. Kijana aliyechapwa kwa kupigana amefundishwa kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye kauli ya mwisho, na hilo ndilo alilokuwa akiamini tangu mwanzo.

Linganisha na tunavyowatendea wakubwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligombana na wakusanya kodi, wakafunga maduka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja, akakaa nao Mnazi Mmoja, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine mbele ya kamera. Ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyependekeza wachapwe vinne vinne kwanza.

Mwanafunzi hana duka la kufunga. Konda wa daladala anamsukuma mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo na nafasi ile ina mtu mzima wa kuilipia bei kamili. Mtoto ana haki, konda hana. Tumemfundisha afanye nini? Akinyamaza anachelewa kufika nyumbani, akijibu anaitwa mtovu wa adabu. Katikati ya kunyamaza na kutukana kuna njia ya kusema "kaka, mimi pia ni abiria, nimelipa" kwa sauti isiyotetemeka na isiyotusi. Njia hiyo watoto wetu wengi hawajawahi kuisikia ikitumika, kwa sababu na sisi kwa konda tunatukana.

Sheria iko upande wa kijana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Sheria hiyohiyo inaeleza namna Mahakama ya Watoto inavyoendesha mashauri: faraghani, bila ukali wa mahakama za wakubwa, kwa kuuliza badala ya kubanana, ofisa ustawi wa jamii akiwapo, mzazi au mlezi akiwapo, na mtoto akipewa nafasi ya kutoa maelezo yake. Mahakama ya namna hiyo ipo Kisutu, si mbali na shule tunazozizungumzia.

Kwa hiyo hali ni hii: mtoto wa katikati ya Dar es Salaam anayempiga mwenzake kofi hasikilizwi na mtu. Akimvunja mkono na kufikishwa Kisutu, ndipo kwa mara ya kwanza anakalishwa mbele ya watu wazima waliotulia, wapambe wamebaki nje, na kuulizwa ilikuwaje. Tumeiweka huduma nzuri kuliko zote mwisho kabisa wa njia.

Wakazi wa jiji hili tukitajiwa vijana na vurugu tunafikiria magenge ya Panya Road. Hofu ya Januari 2015 hatujaisahau, watu walipofunga milango mapema na kukimbia ovyo kwa uvumi tu, wala ile ya 2022, vijana walipovamia nyumba usiku kwa mapanga. Hao ni wahalifu na kazi ya polisi ni kuwakamata. Lakini kumbuka walivyotembea: kundi zima, kila mmoja akijipima kwa macho ya wenzake. Wengi walikuwa wadogo. Polisi anamkuta kijana akiwa na panga. Mwalimu na mzazi walimkuta miaka kadhaa kabla, akiwa na kifungo kilichokatika.

Je, ufundi huu unafundishika? Chicago, jiji linalozika vijana wengi kwa risasi, lina mpango uitwao Becoming a Man unaokutanisha wavulana wa sekondari mara moja kwa wiki, saa za shule. Zoezi lao la kwanza ni hili: wavulana wawili wawili, mmoja anapewa mpira, mwingine anaambiwa ana sekunde 30 za kuupata. Mara moja wanakunjana, wanavutana, wanaangushana. Muda ukiisha mkufunzi anauliza: kuna aliyeomba? Hakuna. Wenye mipira wanaulizwa wangefanya nini kama wangeombwa. Wengi wanajibu kwamba wangetoa tu, si mpira! Chuo Kikuu cha Chicago kilifuatilia wavulana hao kwa majaribio mawili makubwa, na wakati mpango ukiendelea, kukamatwa kwao kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua karibu nusu. Katika jaribio la kwanza, nafuu hiyo haikuendelea kuonekana mpango ulipokwisha, na hilo nalo lina la kutuambia: semina ya siku moja yenye soda na fulana haitoshi.

Gharama ya zoezi lile ni mpira mmoja. Kilichobaki ni mtu mwenye muda, na hapo ndipo shule zetu zinapokwama. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu wa malezi na ushauri ni yuleyule mwenye vipindi vingi vya Kiswahili na madaftari mezani yasiyoonekana mwisho. Mwanafunzi akimfuata, anaambiwa "njoo kesho". Kesho wapambe wameshafanya kazi yao.

Madai yetu kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni madogo. Kila shule ya sekondari ya jiji iwe na mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi kwa ajili ya kazi hii, na chumba chenye mlango unaofungwa, hata kiwe stoo iliyosafishwa. Maofisa ustawi wa jamii wa kata wapangiwe siku ya kuwa shuleni, badala ya kusubiri faili za polisi. Na mkuu wa shule, kabla hajaruhusu kiboko kwa ugomvi, aandike kwanza katika kitabu hichohicho maelezo ya kila upande. Kanuni zinamtaka aandike adhabu. Kuandika na sababu hakutamwongezea kazi sana, na huenda nusu ya viboko vikaishia kwenye kalamu.

Wazazi na sisi tunaopita vituoni hatuhitaji kusubiri bajeti. Ukikuta wanafunzi wameshikana, usianze na wale wawili. Wafukuze wanaotazama, na anayerekodi kwa simu awe wa kwanza. Halafu wasogeze wawili hao mbalimbali, wape muda wa kuhema, maana kwa kijana mwenye hasira dakika kumi za kukaa kimya zina kazi kuliko mawaidha ya saa nzima. Nyumbani usiulize "nani alianza?", kwani swali hilo humgeuza kila mtoto kuwa wakili. Uliza "nani alikuwepo?" Jibu litakuonyesha ugomvi ulikotoka. Na mtoto anayeonewa akiwa hana wa kumwambia, namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure kutoka mtandao wowote. Iandike ukutani, mahali anapoweza kuiona bila kuomba ruhusa.